Mtu wa Tatu

Pikipiki nimeinunua jana, nyekundu,
tangi bado limevaa nailoni ya dukani,
na leseni sina.
Ninayo ile ya kujifunzia, imekunjwa mara nne,
picha yangu ndani yake kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Uyole asubuhi ni ukungu na viazi.
Magunia yamebana njia hadi mtu anapita kiubavu.
Kati ya duka la mbolea na mashine ya kusaga
yuko wakala wa bima, Bwana Asangalwisye,
koti la suti juu ya sweta, soksi ndani ya kandambili.

"Mtihani lini?"
"Jumatano."
"Na bima unakata leo?"
"Leo."
Akanitazama kama mtu aliyenunua kitanda cha mtoto
kabla ya posa.

Akaeleza, kidole kikichora mezani:
bima kubwa hulipa na chombo chako, kikiibwa, kikiungua.
Ndogo hailipi chombo, wala haikulipi wewe.
"Ndogo ni ya mtu wa tatu."
Ndiye nani huyo?
"Wa kwanza wewe. Wa pili sisi, kampuni.
Wa tatu ni yule utakayemgonga."

Alisema utakayemgonga,
hakusema ukimgonga.
Sarufi ya watu wa bima.

Nikahesabu noti za parachichi za msimu mzima,
nyingine zimeshikana kwa utomvu,
huku nikitamani kumwona huyo mtu.
Saa hizi yuko wapi? Pengine anafunga viatu.
Pengine ni mtoto na dumu la maziwa,
au mlevi anayetoka kilabuni akigombana na mtaro.
Hanijui. Nami namlipia.

Kalamu ilikuwa hewani, juu ya mstari wa sahihi,
nilipomtambua.
Nakaa naye nyumba moja.

Mama, miaka sita iliyopita,
kona ya chini ya kanisa, Igawilo,
mkungu wa ndizi kichwani.
Kijana alisimama, siwezi kusema hakusimama.
Aliokota ndizi zote akazipanga upya,
akalia kuliko mama,
akaandika namba ya simu nyuma ya risiti ya petroli.
Tarakimu tisa.
Ya kumi tuliitafuta wenyewe:
tukaweka sifuri mwishoni, tukaweka moja, mbili,
mpaka tisa.
Wakapokea watu saba, wapole, wasiojua lolote.
Mmoja alituombea kwa sauti mpaka salio likakata.
Goti la mama likaunga lenyewe,
kwa namna lilivyopenda.

Nikatia sahihi. Subilaga A. Mwaijande.
Karatasi ikatoka kwenye mashine ikiwa na joto.
"Ndaga," nikasema. "Usiipande peke yako," akasema.

Basi nikaikokota kupanda mlima,
mikono kwenye usukani, jasho ndani ya baridi,
na vijana wa kijiweni wakipiga miluzi:
"Dada, hiyo hunywa mafuta, hainywi miguu!"

Mama alikuwa uani anamenya viazi,
mguu mmoja ameukunja, mwingine umenyooka
kama kawaida yake.
Akafuta mikono kwenye kanga ndipo akapokea.
Miwani iko ndani. Akaipapasa karatasi kwa kidole gumba.
"Ya nini hii?"
"Ya mtu wa tatu."
"Nani huyo?"
Nikatazama viazi.
"Hatujafahamiana bado."

Akanirudishia. Akachukua kiazi kingine.
"Namba yako umeandika yote?"
"Yote."
"Hebu isome."
Nikaisoma. Alikuwa anahesabu, midomo ikicheza.
"Kumi," akasema, akaendelea kumenya.

Jioni nikaweka madumu mawili uani,
nikaisukuma pikipiki kuzunguka, injini imezimwa,
nikichora namba nane kama watakavyotaka Jumatano:
kulia kwa dumu la kwanza, kushoto kwa la pili,
jicho mbele, usitazame tairi.
Kuku walinipisha wote.
Jogoo alikataa.
Nikafunga breki.
Nikamngoja.